Wajibu wa kutoa msimbo chanzo

Wajibu wa kutoa msimbo chanzo ni sharti la baadhi ya leseni za programu huria, hasa Leseni ya Umma ya GNU (GPL), iliyoandikwa na Richard Stallman mwaka 1989. Toleo la 2, la 1991, linamtaka anayesambaza programu aambatanishe msimbo wake, au aahidi kwa maandishi, kwa muda usiopungua miaka 3, kumpa yeyote atakayeuomba kwa gharama ya kuunakili na kuutuma tu. Anayerekebisha programu kwa matumizi yake mwenyewe hadaiwi kitu. Wajibu huanza nakala inapomfikia mtu mwingine.

Mfano bora ni ruta ya Linksys WRT54G. Mwaka 2003 wataalamu waligundua kuwa inaendeshwa na Linux, iliyo chini ya GPL, ilhali msimbo haukutolewa. Baada ya kushinikizwa, kampuni iliutoa, na juu yake ukajengwa mradi wa OpenWrt, uliokipa kifaa cha bei nafuu uwezo ambao kiwandani hakikupewa. Hilo ndilo tunda halisi la sharti hili, kuliko hukumu yoyote ya mahakama.

Leseni za MIT na BSD hazina sharti hilo. Leseni ya GNU AGPL, ya 2007, hulipanua hadi kwa wanaotumia programu iliyorekebishwa kupitia mtandao.