Massey, kijiko na theluji

Wandugu, lile trekta la Massey Ferguson mnalolijua huko nyumbani, nusu ya jina lake ni la hapa Toronto. Kampuni ya Massey ilihamia hapa mwaka 1879, ikaungana na Harris 1891, kisha 1953 na Harry Ferguson, fundi wa Ireland.

Trekta la Ferguson lilikuwa jepesi. Ujanja ulikuwa kwenye mikono mitatu ya nyuma: plau ikikata udongo, uzito unashukia magurudumu ya nyuma, yanang'ata ardhi.

Sasa funga kijiko mbele uone, hesabu yote inageuka! Kikijaa theluji, ekseli ya mbele inakuwa egemeo, nyuma inanyanyuka, matairi yanateleza. Ukikiinua juu kwenye mteremko, trekta hulala ubavu na dereva wake. Dawa ni kukibeba chini, na kutundika bonge la zege kwenye mikono ileile ya Ferguson. Hilo huipunguzia hata ekseli ya mbele mzigo.

Wengine hujaza maji kwenye matairi ya nyuma. Kwetu maji matupu yanatosha. Huku yangeganda, ndiyo maana wakulima walizoea kuyatia chumvi ya kalsiamu, ambayo nayo, jamani, inakula rimu.