Walimu wa Kujitolea na Kisomo cha Wanawake Tanzania, 1970–1986

Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Tanzania ikiwa na takriban theluthi mbili ya watu wazima wasiojua kusoma wala kuandika. Miongoni mwa wanawake hali ilikuwa mbaya zaidi, wala sababu zake hazikuwa za siri. Shule za zama za ukoloni zilikuwa chache na za kulipia. Mzazi mwenye ada ya mtoto mmoja alimpeleka wa kiume, na binti akabaki na mtungi, jembe na mdogo wake mgongoni. Mabinti hao ndio waliokuwa akina mama wa mwaka 1970, serikali ilipoutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Rais Julius Nyerere alikuwa ameitoa hoja yake tangu 1964, alipouzindua Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano: elimu ya watoto huchelewa kuzaa matunda, na nchi isiyoweza kungoja sharti ianze na wazazi. Mwaka 1970 wilaya sita, Mafia na Ukerewe zikiwamo, zilichaguliwa kutangulia. Mwaka 1971 chama cha TANU kikaazimia kwamba kutojua kusoma kufutwe nchini kote ifikapo tarehe 9 Desemba 1975. Azimio lilikuwa jepesi kuandika kuliko kutekeleza, kwa kuwa walimu hawakuwapo. Shule za msingi zenyewe zilikuwa na upungufu.

Waliojaza pengo hilo ni majirani. Walimu wa shule walibaki jioni kuwafundisha wakubwa baada ya wadogo. Lakini hao hawakutosha, na mzigo mkubwa ukawaangukia watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa vijana waliomaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya sekondari. Walipewa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Haikuwa mshahara, ilikuwa kifuta jasho, na kuna miezi ambayo jasho lilikauka lenyewe.

Katika vijana hao walikuwamo wasichana, na nafasi yao yastahili kutazamwa kwa makini kuliko ilivyozoeleka katika taarifa za kiserikali. Binti wa miaka kumi na sita alisimama mbele ya wanawake waliomzidi umri mara mbili, pengine mama yake mzazi au mama mkwe mtarajiwa akiwa miongoni mwao. Kwa desturi alitakiwa kutoa shikamoo kwanza, ndipo ashike chaki; akiisha kushika chaki, aliitwa mwalimu. Mpangilio wa heshima uligeuka kwa muda wa saa mbili, chini ya mwembe au katika chumba cha shule, kisha ukarejea ulivyokuwa. Wanaume wengi waliona haya kukaa katika darasa la namna hiyo. Wanawake walikaa, nao wakawa wengi kuliko wanaume katika madarasa ya ngumbaru.

Hawakuja kwa sababu zile zile zilizoandikwa katika mipango. Mradi wa majaribio ulioendeshwa Mwanza na mikoa jirani kuanzia 1968, kwa msaada wa UNESCO, ulisisitiza kisomo chenye manufaa: vitabu vilihusu kilimo cha pamba, migomba, uvuvi na ufugaji, na msomaji alijifunza herufi pamoja na ukulima bora. Wazo lilikuwa jema. Hata hivyo, mwanamke aliyepalilia pamba hakuwa daima yeye aliyepokea fedha zake, na vitabu vilivyomlenga yeye hasa vilihusu mara nyingi lishe, malezi na usafi, kana kwamba upeo wake unaishia mlangoni pa jiko. Alichokitaka kilikuwa kidogo na kikubwa kwa pamoja: kusoma barua ya mwanawe pasipo kumwita mtu wa tatu, kuutambua uzito unaoonyeshwa na mizani, kuandika jina badala ya kuchovya kidole katika wino. Mwalimu jirani aliyajua hayo bila kuambiwa.

Tena palikuwa na jambo la lugha, ambalo wasomaji wa Katanga na Kivu watalitambua upesi. Kisomo kilitolewa kwa Kiswahili, lugha ambayo silabi zake husomeka kama zinavyoandikwa, na hilo lilikuwa msaada mkubwa. Lakini bara, wanaume waliizoea zaidi kwa safari za kazi, soko na jeshi, ilhali wake zao waliishi kwa Kisukuma, Kijita au Kihaya. Hivyo mwanamke alijifunza mambo mawili kwa mpigo, herufi na lugha yenyewe. Kitabu hakikuligusa sana tatizo hilo. Aliyelitatua ni yule kijana wa kijijini, kwa kueleza somo katika lugha ya nyumbani kabla ya kurudi ubaoni.

Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wamepungua hadi asilimia 39. Mwaka 1977 wakawa asilimia 27, na mwaka 1986 chini kidogo ya asilimia 10. Tarakimu hizi hazina budi kusomwa kwa tahadhari, kwani hupima siku ya mtihani, wala hazisemi nani alikuwa bado anasoma miaka mitano baadaye. Magazeti ya vijijini kama *Elimu Haina Mwisho* na maktaba za vijiji viliwekwa kwa ajili hiyo hasa. Baada ya vita vya Uganda vya 1978–1979 na msukosuko wa uchumi uliofuata, karatasi iliadimika, mafuta ya taa yalipanda bei, na posho ikapungua thamani hata pale ilipofika. Walimu wa kujitolea walianza kuondoka, na madarasa yakafungwa mmoja mmoja bila tangazo.

Wakati huo huo serikali ilihitaji walimu kwa ajili ya elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza mwaka 1977. Iliwachukua wahitimu wa darasa la saba, ikawafunza kwa miaka mitatu huku wakifundisha. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 wasichana walikaribia kulingana na wavulana katika shule za msingi. Mlango wa sekondari uliendelea kuwa mwembamba kwa wote, na kwa binti mwembamba zaidi. Kwa hiyo msichana aliyekuwa amewafundisha mama zake kusoma aliweza kufika hadi ubao wa shule ya kijiji chake. Kupita hapo, wachache tu walipita.