Mji Uliogawanywa kwa Rangi, Ukaunganishwa kwa Mtaa

Anayetaka kufungua akaunti ya benki Dar es Salaam, kumdhamini ndugu aliyeshikiliwa polisi au kuomba kitambulisho cha taifa, mara nyingi hutumwa kwanza kwa mjumbe wa nyumba kumi, kisha kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, akachukue barua ya utambulisho. Ni barua fupi, aghalabu ina picha ya mwombaji iliyogongwa muhuri pembeni, na inathibitisha kwamba huyu ni mkazi wetu na tunamfahamu. Haitaji kabila lake, dini yake wala alikozaliwa babu yake. Wengi wanaiona kuwa usumbufu, na mahali inapotozwa fedha bila stakabadhi wana haki ya kulalamika. Hata hivyo, kwa anayeijua historia ya mji huu, barua hiyo ni ushahidi wa mabadiliko makubwa. Kwa muda mrefu wa utawala wa kikoloni, serikali ya mji ilimuuliza mtu kwanza yeye ni nani kwa asili, ndipo imwambie aishi wapi na apate huduma gani. Leo inamuuliza anaishi wapi, na jibu hilo linatosha kumpa nafasi. Hoja yangu ni kwamba umoja ambao Watanzania wanajivunia haukuletwa na hotuba peke yake. Sehemu yake kubwa ilijengwa na serikali za mitaa pale zilipofanya ukaazi, badala ya asili, kuwa msingi wa haki.

Mwanzo ulikuwa kinyume kabisa. Wajerumani walipohamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walitunga kanuni za ujenzi zilizoamua nyumba ya aina gani ijengwe sehemu ipi ya mji. Waingereza waliochukua mji mwaka 1916 waliukamilisha mgawanyo huo kwa kanda tatu: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini penye maduka, na Kariakoo, palipokuwa na kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa Waafrika. Kati ya Uhindini na Kariakoo liliachwa eneo wazi la Mnazi Mmoja, kwa hoja ya kuzuia maradhi yasivuke. Kanuni zenyewe zilizungumzia zaidi aina za nyumba kuliko rangi za watu, na watetezi wake wakapata la kusema: hakuna aliyekatazwa kwa rangi yake, anayeweza kujenga nyumba ya kiwango na ajenge. Lakini kiwango chenyewe kilipimwa kwa mfuko wa Mzungu, na lami, taa na mifereji vilifuata ramani ileile. Sheria ya 1944 ya kuwaondoa mjini watu wasiotakiwa iliongeza jingine. Mwafrika asiye na kazi angeweza kukamatwa na kurudishwa kwao, hata kama alikuwa ameishi mjini miaka mingi. Kwa sheria hiyo, kwao hapakuwa pale alipopanga chumba.

Hapa msomaji makini anaweza kunipinga mapema. Atasema watu wa Dar es Salaam walichanganyika wenyewe, bila kungoja halmashauri. Ni kweli, na ushahidi wake umo ndani ya nyumba ya Kiswahili. Nyumba hiyo ina ukumbi katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, na nyuma kuna ua wenye jiko, choo na kamba ya kuanikia nguo. Mwenye nyumba aliishi chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. J.A.K. Leslie, ofisa wa Kiingereza aliyeupima mji kwa uchunguzi wa 1956, alikuta nyumba za namna hiyo zikiwa na wapangaji wa makabila mbalimbali. Mama wa Kizaramo na mke wa mpangaji wa Kinyamwezi walipeana moto uani, wakagombania ndoo asubuhi, jioni wakaazimana chumvi. Utani kati ya makabila uliwapa namna ya kutaniana bila kuumizana, na mtani alikuwa na kazi yake msibani. Haya yote hakuyaamuru mtu.

Lakini Leslie alieleza pia vyama vya kikabila, na vyama hivyo vinaonyesha mpaka wa undugu wa uani. Mtu akiugua kwa muda mrefu, akifa bila jamaa au akikosa nauli ya kurudi kijijini, aliyemjia ni chama cha watu wa kwao, maana serikali ya mji haikumhesabu kuwa mtu wake. Wapangaji waliishi pamoja vizuri, ila hawakuwa na chombo cha pamoja cha kudai bomba la maji au kusuluhisha ugomvi wa kiwanja. Kuishi pamoja na kuwa na mamlaka pamoja ni mambo mawili. Uani kulikuwa na la kwanza, la pili likingoja utawala ubadilike.

Mwishoni mwa ukoloni Waingereza nao walisema wanataka mchanganyiko. Jaribio lao linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa lilitumia maneno mazuri yanayofanana na yale ya leo. Sheria ya serikali za mitaa ya 1953 ilifungua njia kwa mabaraza yenye wajumbe wa rangi zote. Uchaguzi wa baraza la kutunga sheria wa 1958 na 1959 ukaja na kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Katika nchi ya watu zaidi ya milioni 8, yenye Wazungu wasiofika 25,000, hesabu hiyo iliitwa ushirikiano. Wilayani Geita serikali ilipoweka baraza la rangi mchanganyiko mwaka 1958, wananchi walilikataa. Mamia waliandamana mpaka Mwanza kupeleka malalamiko, polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi, na mwishowe serikali ikaacha kulazimisha mabaraza ya aina hiyo. Wako walioandika kwamba Wasukuma waliwakataa wageni. Sioni hivyo. Walichokataa ni nafasi kugawiwa kwa rangi, mtu mmoja akihesabiwa sawa na maelfu kwa sababu ya ngozi yake. Baraza lile lilidai kuwaunganisha watu huku likimkumbusha kila mmoja kundi lake kila alipoketi.

Miaka michache baadaye mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Alikuwa mzaliwa wa Ujiji, mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa pili wa nchi. Kwa dini alikuwa Mwahmadiyya katika mji ambao Waislamu wake wengi ni Wasunni, na alijulikana kwa ushairi na kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Kama umeya ungetolewa kwa asili, angekuwa wa mwisho kufikiriwa. Kuelekea uhuru na baada yake, misingi ya asili ikaendelea kung'olewa mmoja mmoja. Oktoba 1961 bungeni, Waziri Mkuu Julius Nyerere alitishia kujiuzulu pamoja na serikali yake kuliko kukubali uraia upimwe kwa rangi. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria, na mtoto wa chifu akabaki na heshima ya ukoo bila cheo cha utawala. Miaka hiyohiyo chama tawala cha TANU kilianzisha mashina ya nyumba kumi, kila shina likiwa na balozi wake. Na sensa ya 1967 ikawa ya mwisho kuuliza kabila.

Katika hayo yote, mimi naupa uzito mkubwa mfumo wa nyumba kumi, kwa sababu ndio uliofika mlangoni. Nyumba kumi zilizopakana zilihesabiwa kama kitu kimoja, bila kuuliza waliomo ni akina nani. Mkerewe na Mmakonde waliogombania mpaka wa kiwanja walikwenda kwa balozi yuleyule. Mgeni alipelekwa kwa balozi akatambulishwe, naye akawa na mtu wa kumwendea usiku mtoto anapougua au mwizi anapoingia. Kazi iliyokuwa ya chama cha watu wa kwao ikaanza kufanywa na jirani mwenye dhamana. Hata uchaguzi wa balozi ulikuwa fundisho: Mchaga alijikuta akimpigia kura Mndengereko kwa kuwa anamfahamu kwa uamuzi wake wa haki.

Pingamizi kubwa linakuja hapa, na lina nguvu. Balozi alikuwa mtu wa chama kabla ya kuwa mtu wa majirani. Alisikiliza maneno ya watu na kuyapeleka juu, na asiyependa chama hakuwa na balozi mwingine wa kumwendea. Wahindi walipatwa na makubwa zaidi. Sheria ya 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na ingawa haikutaja rangi, iliwaangukia zaidi wao, kwa kuwa ndio waliojenga katikati ya miji. Wengi waliondoka nchini. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvukazi, na watu waliohesabiwa kuwa wazururaji wakakamatwa mjini na kupelekwa mashambani, kama walivyoondolewa wazee wao chini ya sheria ya 1944. Siwezi kuyafunika makosa haya kwa sifa za umoja. Ila tuyatazame yalivyo: katika Nguvukazi, mkazi alipoteza haki ya kuhesabiwa mkazi kwa kukosa kazi inayotambuliwa na serikali. Katika nyumba za 1971, mkazi wa miaka mingi aliendelea kutazamwa kama mgeni mwenye mali. Msingi wa ukaazi ulivunjwa na serikali ileile iliyouweka, na madhara tuliyaona. Hilo linathibitisha thamani ya msingi huo.

Wengine husema sifa yote ni ya Kiswahili na shule, na serikali za mitaa zinabebwa mgongoni tu. Bila lugha ya pamoja mkutano wa mtaa usingewezekana, hilo halina ubishi. Ila Kiswahili kinasikika pia masokoni mwa nchi jirani ambako ukabila umemwaga damu. Mtafiti Edward Miguel alilinganisha wilaya mbili za vijijini, Busia ya magharibi mwa Kenya na Meatu ya Tanzania, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2004. Busia, maeneo yenye makabila mengi yalichangia kidogo zaidi katika shule za msingi. Meatu, wingi wa makabila haukupunguza michango. Miguel alihusisha tofauti hiyo na sera za kujenga taifa, na miongoni mwake alitaja mageuzi ya serikali za mitaa pamoja na lugha na elimu. Mchango wa darasa hukusanywa na watu wanaoketi kwenye mkutano mmoja na kumjua aliyetoa na asiyetoa. Lugha iliwawezesha kuelewana, lakini aliyewaitisha mkutano na kuwaandikia risiti ni serikali ya kijiji.

Kuna swali jingine: kama nafasi za rangi zilikuwa kosa mwaka 1958, mbona tunaunga mkono viti maalum vya wanawake katika halmashauri? Tofauti iko kwenye mipaka. Wanawake wamo katika kila nyumba ya kila mtaa, kwa hiyo kiti chao hakijengi kundi lenye eneo lake na mwakilishi wake dhidi ya jirani. Wao pia ndio waliokuwa wakibeba ndoo na kuuguza watoto huku wanaume wakizungumza barazani. Kiti kinachomleta mezani mkazi aliyekuwa amesahauliwa kinatimiza msingi wa ukaazi.

Historia inatuonya pia kwamba chombo hiki kinaweza kuuawa kwa kalamu. Kati ya 1972 na 1974 halmashauri za wilaya na za miji zilifutwa, kazi zake zikachukuliwa na watumishi wa serikali kuu kwa jina la madaraka mikoani. Mitaro iliziba, taka zikalundikana, na kipindupindu kilipozuka katika nusu ya pili ya miaka hiyo ya 1970, miji haikuwa na mwenyewe. Mwaka 1978 ikabidi halmashauri za miji zirudishwe kwa sheria ya mpito, na sheria za 1982 zikazirudisha zote. Ibara ya 146 ya Katiba sasa inatamka kwamba lengo la serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Sensa ya 2022 iliwahesabu watu milioni 5.38 mkoani Dar es Salaam, na wapangaji ni wengi mno miongoni mwao. Mpangaji wa leo mara nyingi hamjui mwenyekiti wa mtaa wake. Hahudhurii mkutano, na siku ya uchaguzi wa mtaa anasema hayo ni ya wenye nyumba. Wenyeviti nao wapo wanaoitisha mikutano kwa wenye nyumba tu, kana kwamba mwenye chumba ni mpita njia. Mazoea hayo yanarudisha kwa mlango wa nyuma ubaguzi uliotolewa kwa mlango wa mbele. Halmashauri zina njia rahisi ya kuyakomesha: madaftari ya wakazi yaandikwe chumba kwa chumba, mikutano iitishwe saa ambazo watu wametoka kazini, na mapato na matumizi ya mtaa yabandikwe ukutani kila mtu asome. Nawe mpangaji, nenda ukajiandikishe. Orodha ya wapiga kura wa mtaa inataka uwe raia, uwe umetimiza miaka 18, na uwe mkazi wa hapo. Hati ya nyumba haimo katika masharti hayo.