Ukuta Mmoja, Nyumba Mbili

Tuanze na hesabu ya darasa la nne. Nyumba kumi, kila moja imesimama peke yake, zinahitaji kuta 40. Zisogeze zishikane kwenye safu moja, kila nyumba ikiegemea ya jirani, na kuta zinabaki 31. Umeokoa kuta tisa: mawe, simiti, mchanga, siku za fundi, na ardhi ambayo ingeliwa na vichochoro visivyo na kazi. Kwa mtu anayejenga na pesa za kuuza mboga, kuta tisa si mchezo.

Lakini hesabu hiyo ina bei yake. Ukuta wa pamoja hauwezi kujengwa na mtu mmoja peke yake. Kabla ya jiwe la kwanza, wewe na jirani lazima mkubaliane unapita wapi, unaenda chini kiasi gani, utabeba ghorofa ngapi, na nani analipa nini. Ndiyo maana historia ya nyumba za kushikana ukuta kwetu ni historia ya majirani kwanza, na ya majengo baadaye.

Watu wa Pwani walijua haya zamani. Tembea Mji wa Kale wa Lamu uone nyumba za mawe ya matumbawe zilivyobanana, nyingi zikiwa za karne ya 18. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kwa hivyo vyumba ni virefu na vyembamba. Familia ikikua, walijenga wikio, chumba kinachovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba moja na nyingine, huku punda na watu wakiendelea kupita chini. Huwezi kujenga kitu kama hicho kama hamsemezani na wa ng'ambo.

Nairobi ilianza na fikra tofauti. Serikali ya kikoloni iliona Mwafrika mjini kama mgeni wa muda: njoo ufanye kazi, kisha urudi kwenu. Hata hivyo, miaka ya mwanzo ya 1920, Pumwani iligawanywa ploti na watu wakaruhusiwa kujijengea. Wakajenga nyumba za udongo na fito kwa mtindo wa Kiswahili, vyumba vikitazamana kwenye ukumbi wa katikati. Wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake. Mwanahistoria Luise White aliwaandikia kitabu kizima mwaka 1990, akionyesha jinsi walivyogeuza kipato chao kuwa mali. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba kujijengea mjini ni wazo jipya la mashirika, mpeleke Majengo.

Baada ya uhuru, watu walizidi kuja na nyumba hazikutosha. Mwaka 1975 Benki ya Dunia na serikali walianzisha mradi wa Dandora: ploti 6,000 zenye maji, suwa na barabara. Ulipewa choo na bafu, na kwa wengine jikoni au chumba juu yake, halafu zingine ujijengee polepole. Baadhi ya wenye ploti, wengi wao akina mama, waliunda vikundi vya ujenzi. Walichanga kama chama cha mzunguko, ila badala ya sufuria na blanketi, zamu yako ilipofika ulipata chumba.

Wazo lilikuwa poa. Lakini ploti ilikuwa ya mtu mmoja, na ploti ya mtu mmoja ina thamani sokoni. Miaka ilivyosonga, wengi waliuza, wengine wakapandisha ghorofa za kukodisha. Nenda Dandora leo uhesabu wenye nyumba na wapangaji, utaelewa. Majirani walijenga pamoja, lakini hakuna kilichowafunga kubaki pamoja.

Sasa tufike Huruma, kwa sababu ndipo hadithi hii inakaza.

Mwaka wa 1990 ulikuwa mbaya kwa maskini wa Nairobi. Mwezi wa Mei, Muoroto ilibomolewa. Kabla mwaka kuisha, Kibagare nayo ikaangushwa. Miaka hiyo ardhi ya umma ilikuwa ikigawiwa wakubwa kama njugu, na kila ploti iliyogawiwa ilikuwa na watu wanaolala juu yake. Kutokana na vita hivyo, mwaka 1996 vijiji mbalimbali viliungana na kuunda Muungano wa Wanavijiji. Mwanzoni kazi ilikuwa kuzuia tingatinga: kwenda kortini, kuandamana, kulala macho. Baadaye, wakishirikiana na shirika la Pamoja Trust, lililoongozwa na wakili Jane Weru, waliongeza swali gumu zaidi. Tukishazuia kubomolewa, tunajenga nini?

Huruma ilikuwa na vijiji vitano kwenye ardhi ya Halmashauri ya Jiji: Kambi Moto, Mahiira, Ghetto, Redeemed na Gitathuru. Jina la Kambi Moto linajieleza. Mabati na mbao zilizobanana, jiko la makaa hapa, waya wa stima pale, na moto ukishika kibanda kimoja hauulizi kingine. Ukuta wa pamoja walikuwa nao tayari, ila wa aina inayoua.

Kazi ya kwanza haikuwa kuchimba msingi. Ilikuwa kuhesabiana. Wanakijiji wenyewe walizunguka mlango kwa mlango, wakipiga namba vibanda na kuandika nani analala wapi. Hapo ndipo shida kubwa ilipotoka wazi. Katika kila kijiji kuna wenye vibanda na kuna wapangaji. Mtu mmoja anaweza kuwa na vibanda kadhaa anavyokodisha, na jirani yake amelipa kodi miaka mingi bila kumiliki hata msumari. Ukija na mradi wa nyumba, nani anapewa?

Miradi mingi hufia hapo. Mwenye vibanda anaona anaibiwa. Mpangaji anajua atafukuzwa siku ile eneo litakapopendeza. Huruma walizungumza kwa muda mrefu hadi wakafikia makubaliano ambayo kwa Nairobi ni kama muujiza: kila familia iliyohesabiwa inapata nyumba moja, awe mwenye kibanda au mpangaji. Aliyekuwa na vibanda vingi alikubali kuwa sawa na aliyekuwa akimlipa kodi. Fikiria landilodi wako akikubali hivyo. Kisha fikiria kwamba ukuta wake na wako utakuwa mmoja.

Shida ya pili ilikuwa ardhi yenyewe. Ukifuata kanuni za jiji kuhusu ukubwa wa ploti, familia zote hazingetosha. Nusu wangeambiwa waende wakajitafutie kwingine. Kwa hivyo walikaa na halmashauri na kukubaliana eneo lichukuliwe kama la mpango maalum, lenye vipimo vyake. Nyumba ikakubalika ya takriban mita 20 za mraba chini, halafu ipande ghorofa mbili juu. Ishirini ni ndogo, hakuna haja ya kuficha. Lakini mara tatu ni 60, na kwa mtu aliyelea watoto ndani ya kibanda cha futi kumi kwa kumi, 60 ni nafasi ya mtoto kufanya homuwaki bila kukalia kitanda cha mzazi.

Hapo ndipo nyumba za kushikana zinapoacha kuwa suala la urembo. Bila kushikana ukuta, watu wengine wangekosa nafasi kabisa.

Ujenzi ulianza mwaka 2003. Kila kundi lilibomoa sehemu yake, likajihifadhi kwa muda, na kujenga pamoja. Awamu ya kwanza ilikuwa na nyumba zaidi ya 30. Pesa zilitoka kwenye akiba ya kila siku, shilingi kumi leo, ishirini kesho, zikijazwa na mkopo ambao ungelipwa kidogo kidogo. Kazi isiyohitaji fundi ilifanywa na wenyewe: kuchimba, kubeba maji, kuchanganya simiti na kokoto. Wanawake walikuwa mstari wa mbele, sare ikiwa leso kiunoni.

Sakafu za juu zilitumia ujuzi uliotoka India, ambako wanachama wa Muungano walikuwa wametembelea wakazi wa mitaa kama yao. Badala ya kumimina slabu nzima kwa wakati mmoja, kazi inayokula mbao na pesa, unatengeneza vipande vyembamba vya saruji vilivyopinda kama mgongo, vinavyoitwa laadi. Unavitengeneza pale pale chini, vinakauka, vinabebwa kwa mikono na kupangwa juu ya mihimili. Kama boriti za Lamu, kipande ndicho kinachoongoza kipimo cha chumba. Na kwa sababu kinabebeka, mtu anaweza kumaliza chini, ahamie, kisha apandishe juu akipata nguvu.

Lakini usidhani ilikuwa raha tupu. Nyumba za safu zinaunganisha na shida pia. Jirani akichelewa kuchanga, msingi wa safu nzima unasubiri. Akikosea kipimo kwa inchi mbili, inchi hizo zinatoka kwako. Maji yakivuja kwake, rangi inabambuka kwako. Na mkopo unabaki mkopo hata msimu biashara ikiwa mbaya. Umoja ni nguvu, tunaimba, lakini umoja pia ni mikutano ya jioni isiyoisha, na kuna siku ungependa tu kulala.

Sasa linganisha na kilichokuwa kikiota kando yao. Huruma imejaa maghorofa ya kukodisha: chumba kimoja kwa familia, choo cha foleni, giza kwenye ngazi saa sita mchana. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa sita lilianguka huko Huruma na kuua watu zaidi ya 40. Lilikuwa karibu na mto na lilikuwa limeshatajwa kuwa si salama. Wapangaji hawakushirikishwa kwenye msingi wake, hawakuona nondo zake, hawakuwa na sauti juu ya ghorofa ngapi ziongezwe. Kazi yao ilikuwa kulipa kodi kabla ya tarehe tano.

Tofauti ya majengo hayo mawili haiko kwenye simiti pekee. Aliyechanganya zege atakayolala chini yake ana sababu nzuri ya kuuliza kama mchanga umezidi.

Leo kila mwenye peislipu anakatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba, chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Maghorofa yanapanda kila upande, na pengine wewe unayesoma hapa umeshajaza fomu. Mjadala mtandaoni huishia kwenye bei na nani anakula. Ni maswali halali. Lakini kuna lingine ambalo Kambi Moto walianza nalo, kabla ya ramani, kabla ya mkopo: ni nani aliyehesabiwa, na je, aliyekuwa mpangaji jana atabaki hapa kesho?

Tunaohama keja kila mwaka, tukibeba godoro kwa mkokoteni kutoka Umoja hadi Pipeline, mara nyingi hatujui hata jina la mtu wa mlango wa pili. Tunamjua kwa muziki wake na kwa harufu ya vitunguu vyake. Ukuta baina yetu tunaulipia wote wawili, kila mwezi, na si wa yeyote kati yetu. Wale wa Huruma walianza na ukuta huo huo. Walichofanya ni kubisha hodi upande wa pili na kuuliza, jirani, wewe una kiasi gani?