Ndege Asiye na Kazi

Mtume mtoto wa Birongo alete kasuku, atarudi na mkebe wa plastiki. Ni ule uliokuja na mafuta ya kupikia, una picha ya ndege ubavuni. Mafuta yakiisha unanywewa uji, unachotewa maji ya kuoga, na siku ya soko unapimiwa maharagwe. Mtoto mwingine atachomoa daftari mkobani, maana nalo lipo la jina hilo hilo. Ndege mwenyewe, wa kijivu mwenye mkia mwekundu, wengi katika kata hii ya Nyaribari Chache, huku Kisii, hawajapata kumwona akiwa hai.

Wala si kwa kukosa ndege. Ekegusii, lugha ya wenyeji, kina neno enyoni kwa ndege na engoko kwa kuku, na kati ya maneno hayo mawili ndipo ulipopita mpaka. Enyoni alikuwa wa mwituni na wa shambani. Wimbi likianza kukomaa, watoto walishinda juani wakirusha mawe na kupiga makelele asije akalimaliza. Engoko alikuwa wa nyumbani: aliwika alfajiri, alitaga, alichinjwa mgeni alipofika, na usiku alilala ndani pamoja na watu kwa hofu ya kicheche na mwizi. Huyu alitunzwa kwa kuwa ana kazi. Yule alifukuzwa kwa kuwa anaharibu kazi ya wenzake. Ndege wa tatu, wa kulishwa miaka kumi na mitano kwa ajili ya sura yake na mluzi wake, hakuwa na mlango wa kuingilia.

Hata kwa majirani, ndege wa tunduni alikuwa kibarua. Wajaluo wa kandokando ya ziwa walimfuga kware, wao humwita aluru, katika vitundu vya kusuka, wakavitundika juu ya mti mrefu uliosimikwa uwanjani. Wito wake wa mapambazuko uliwavuta kware wa porini hadi kwenye vitanzi vilivyotegwa chini. Kwa Waluhya mambo yalikuwa yale yale. Mpita njia angeona pambo; mwenye mji aliona kitoweo.

Kware huyo, au tuseme binamu yake wa Kijapani, ndiye aliyewafunza Wakenya wa leo namna shauku ya kufuga ndege inavyopanda na kushuka. Mwaka 2013 habari zilienea kwamba mayai yake yanatibu kisukari, shinikizo la damu na mengine chungu nzima. Watu wakaacha kuku, wakakopa, wakajenga vizimba, wakapanga foleni ya vibali katika ofisi za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kwa sababu kisheria kware ni mnyamapori. Kufikia 2014 wauzaji walikuwa wengi kuliko wanunuzi. Mayai yakakosa pa kwenda, na wenye mikopo wakabaki na vizimba vitupu.

Tundu la kufurahisha jicho na sikio lina asili nyingine. Pwani chiriku amefungwa tunduni kwa sauti yake tu, na Mswahili akaazima jina lake kumwita mtu asiyefunga mdomo. Zanzibar, katika karne ya 19, walifika hata shorewanda wa Java, ndege wa tunduni aliyeletwa kutoka Asia. Wakaponyoka, wakazaana, wakageuka wenyeji wa kisiwa. Bara, hasa vilima vya Gusii, sebule ilichelewa kuja, na ndege wa namna hii anahitaji sebule kabla ya kuhitaji mbegu. Waingereza waliweka boma lao Kisii mwaka 1907. Maduka, misheni na nyumba za mabati zikafuata. Sebule ilipopatikana, ndege aliyewekwa juu ya kabati alikuwa wa jiwe, amechongwa Tabaka kwa lile jiwe laini la Kisii na kung'arishwa kwa nta. Huyo halishwi wala haugui.

Tamaa ya kumfunga aliye hai imeacha madeni Afrika Mashariki. Mfano ulio wazi zaidi ni korongo taji, yule wa bendera ya Uganda. Rwanda aligeuzwa pambo la bustani za hoteli na za wenye nacho: kifaranga alitolewa bwawani, akakatwa mbawa, akaachwa atembee kwenye nyasi. Mwaka 2012 aliingizwa katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alianza mwaka 2014 kuwaandikisha korongo wa majumbani bila kuwashtaki waliokuwa nao, akawarudisha porini walioweza kuruka, na waliolemaa wakapewa makao Kigali katika hifadhi iitwayo Umusambi. Katika mabonde ya Gusii korongo huyo hakuhitaji tundu ili apungue. Mikaratusi iliyopandwa kwenye chemchemi na udongo uliochimbwa kufyatua matofali vimetosha.

Kasuku wa kijivu naye ana kesi yake. Misitu yake yaanzia Afrika Magharibi, inapita Kongo na Uganda, na kuishia kwenye ukingo wa Kakamega, ambako waliobaki ni wachache mno. Kwa miongo mingi alikamatwa kwa gundi na nyavu akauzwa Ulaya, Marekani na Ghuba, kwa kosa moja tu: anaiga usemi wa binadamu kuliko ndege karibu wote. Marekani ilibana uagizaji wa ndege wa porini kwa sheria ya mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango mwaka 2005 kwa hofu ya homa ya mafua ya ndege, na 2007 ukaufunga moja kwa moja. Kisha mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ukampandisha hadi orodha ya kwanza, ya wanaolindwa zaidi, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini ni marufuku. Hapa Kenya, KWS ilitoa msamaha wa miezi mitatu mwishoni mwa 2021 ili waliokuwa naye nyumbani waje wajiandikishe. Anayemnunua leo kando ya barabara bila karatasi ananunua kesi.

Jirani yetu wa kusini alikuwa na hazina yake: cherero wa Fischer, kasuku mdogo wa kijani mwenye uso wa rangi ya chungwa, wa nyika zilizo kusini mwa Ziwa Viktoria. Jina ni la Mjerumani Gustav Fischer, aliyepita huko karne ya 19. Miaka ya 1980 huyu alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi zaidi duniani, hata Tanzania ikalazimika kusimamisha biashara hiyo. Walioponyoka ndio wale wanaopiga kelele leo katika migunga ya Naivasha. Ni machotara, damu ya Fischer imechanganyika na ya cherero mwenye ukosi wa njano, na mtalii huwapiga picha akidhani ameona ndege wa asili wa Bonde la Ufa.

Kwa anayetaka ndege wa sebuleni bila madeni hayo, hapo ndipo anapoingia kokatieli, ndege mdogo wa kijivu mwenye kishungi.

Huyu ni wa Australia, tena si wa pwani yake bali wa nyika kavu za katikati, ambako makundi huhamahama yakifuata mvua na mbegu za nyasi. Ana urefu wa sentimita 30 hivi, nusu yake ikiwa mkia, na uzito wa gramu 80 hadi 100. Mskoti Robert Kerr alimpa jina la kitaalamu mwaka 1792, na neno hollandicus lililo ndani yake linatoka enzi ambazo Wazungu waliiita Australia Uholanzi Mpya. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama ni kasuku wa kawaida au la. Vipimo vya vinasaba vimemweka katika ukoo wa kokatuu, kasuku wenye kishungi, yeye akiwa mdogo wao kuliko wote.

Katikati ya karne ya 19 alikuwa tayari anazaa ndani ya vizimba vya Ulaya, na jambo hilo ndilo lililomwokoa. Australia ilipopiga marufuku usafirishaji wa ndege wake mwaka 1960, dunia haikupungukiwa, maana waliopo nje walikuwa wakizaana kwa wingi. Kwa hiyo kokatieli wa sebuleni nje ya Australia ni mzao wa vizazi na vizazi vya kizimbani. CITES ilipoorodhesha jamii nzima ya kasuku mwaka 1981, yeye aliachwa nje. Leo aina za kasuku zilizo nje ya orodha hizo ni nne tu. Kati ya kasuku wote waliotajwa hapa, ndiye ambaye kumfuga hakuibi kitu msituni. Mnunuzi wa Kisii au Nyamira bado afanya vyema kudai risiti na kuuliza KWS kabla ya kutoa pesa, hasa kwa kuwa wauzaji wengine huchanganya jamii katika kizimba kimoja na kuwaita wote kasuku.

Uzalishaji wa kizimbani nao umeacha alama. Mwaka 1958, Florida, walianguliwa wa kwanza wasio na rangi ya kijivu: weupe na njano, macho mekundu, na doa la chungwa shavuni. Walipendwa mno, wakazalishwa ndugu kwa ndugu, na mpaka leo wengi wa rangi hiyo wana kipara nyuma ya kishungi. Mnunuzi asidhani ni upele. Lakini muuzaji akimwambia kwamba manyoya yataota, asimwamini.

Kishungi chenyewe ndicho barua ya kusoma. Kikisimama wima, ndege ameshtuka au ana udadisi. Kikilala nusu, ametulia. Kikibanwa kichwani naye anatoa sauti ya nyoka, mkono urudi. Anayemtarajia aseme atavunjika moyo. Dume hupiga miluzi, hujifunza vipande vya nyimbo na pengine neno moja mawili. Jike mara nyingi hunyamaza. Huishi miaka 15 hadi 20, zaidi akitunzwa vizuri. Anayenunuliwa mtoto akiwa darasa la kwanza atakuwa bado yupo mtoto akimaliza chuo, na swali la nani atabaki naye muhula ukifunguliwa liulizwe mapema. Ni ndege wa kundi. Akiachwa peke yake kutwa nzima huchomoa manyoya yake mwenyewe au hupiga yowe.

Birongo ina hatari zake, na kubwa kuliko zote imesimama uani. Ni mparachichi. Karibu kila mji una wake, na msimu ukifika madalali hujaza malori kando ya barabara. Tunda ambalo mtoto analipaka kwenye mkate lina kemikali iitwayo persini, ambayo kwa kasuku na jamaa zake hushambulia moyo; kipande kidogo chaweza kuua. Jani na gome ni vile vile, kwa hiyo fimbo ya kutulia isikatwe huko. Mpera wafaa.

Ya pili ni jiko. Mapafu ya ndege hupitisha hewa kwa njia ya pekee, na sumu huingia upesi kuliko kwa binadamu. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walilijua hilo, wakashuka mgodini na kanari tunduni hadi 1986, naye alipoanguka walikimbia. Huyo tena alikuwa na kazi! Kokatieli akitundikwa jikoni penye kuni, au sebuleni penye jiko la makaa usiku wa baridi, atakuwa kanari bila kuajiriwa. Hata kikaangio kisichogandisha, kikiachwa motoni hadi kiungue, hutoa mvuke unaomuua ndege aliye chumba cha pili.

Kisha kuna engoko. Kideri, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1926 na kupewa jina la mji wa Newcastle, bado hufyeka kuku wa vijiji hivi, na hubebwa kwenye viatu, mikono na mabakuli. Kokatieli naye huweza kuupata. Kuku wachanjwe kwa ile dawa ya matone kila baada ya miezi michache, anayetoka bandani anawe kabla ya kushika tundu, na ndege mgeni atengwe kwa mwezi mzima hivi. Yeye naye ana cha kutuletea: wengine hubeba bakteria wa homa ya kasuku, iliyotia dunia hofu mwaka 1929 na 1930 ndege walipouzwa kutoka Amerika Kusini hadi Ulaya na Marekani. Siku hizi hutibika, ilimradi daktari aambiwe kwamba nyumbani kuna ndege. Na mwenye pumu ajue kwamba manyoya haya hutoa unga mweupe kila siku, unaotanda juu ya televisheni.

Chakula si taabu. Wimbi na mtama vipo, na kwa vile mbegu tupu humnenepesha na kumharibu ini, aongezewe sukuma wiki, karoti iliyoparuzwa na mahindi mabichi. Taabu ni unyevu. Vilima hivi hupata mvua karibu mwaka mzima, na mbegu iliyoachwa kwenye gunia huota ukungu, wenye sumukuvu ile ile inayoharibu mahindi ghalani. Mbegu zianikwe zikauke kabisa, kisha zifungiwe ndani ya kasuku, ule mkebe, na mfuniko ubanwe.