Misuli kuuma baada ya mazoezi: lipi la kawaida, lipi la hatari

Leparua, kaunti ya Isiolo, imepakana na Lewa, ambako mbio za marathoni hukimbiwa tangu mwaka 2000. Kwa sisi tuliozoea tambarare za pwani, njia za huku zimenifunza jambo moja: kuteremka huumiza misuli kuliko kupanda. Kwenye mteremko misuli hukaza huku ikivutwa, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeanza darasa la mazoezi, akichuchumaa na kushusha uzito.

Maumivu hayo huanza baada ya saa 12 hadi 24, hukithiri siku ya pili au ya tatu, kisha hupoa yenyewe. Hayatokani na asidi ya laktiki kama wengi wadhanivyo.

Usijilaze kutwa. Tembea taratibu, koga maji ya moto, chuliwa kwa mkono mwepesi, lala vya kutosha. Kujinyoosha hakudhuru, ila nafuu yake ni ndogo. Darasa lijalo anza kwa kiasi. Misuli ikishazoea haiumi vile tena.

Nawasihi msikimbilie duka la dawa. Diklofenaki na aibuprofeni zaweza kudhuru figo, hasa mwili ukiwa umepungukiwa na maji. Na mkojo ukigeuka rangi ya chai ya mkandaa, au misuli ikivimba na kukosa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo: misuli imevunjika kupita kiasi, na figo zimo hatarini.