Shiryani, Waridi na Mshipa: Kufasiri Njia za Damu Arua na Koboko

Mfasiri wa Kiswahili akikutana na neno la Kiarabu *warid* kwenye karatasi ya hospitali, huwa mwepesi wa kuandika "waridi". Hapo ameshaharibu, maana waridi kwetu ni ua. Mgonjwa wa Koboko, Uganda, akiambiwa dawa itapitishwa kwenye waridi, atadhani muuguzi anamtania.

*Warid* ni vena, mshipa unaorudisha damu moyoni. *Shiryan* ni ateri, mshipa unaoitoa damu moyoni. Kinachozitenganisha ni mwelekeo. Ile kanuni ya shuleni ya "damu safi" na "damu chafu" inavunjika mapafuni, kwa sababu ateri ya mapafu hubeba damu iliyopungukiwa oksijeni. Matabibu wa zamani waliuita mshipa huo *al-warid al-shiryani*, vena iliyofanana na ateri: waliuhesabu miongoni mwa vena, ila ukuta wake waliuona mnene kama wa ateri. Ibn al-Nafis, aliyeeleza mwaka 1242 jinsi damu inavyopita mapafuni, naye alilikuta jina hilo. Kiarabu cha leo kinasema wazi, ateri ya mapafu.

Hicho ni Kiarabu cha vitabuni. Kinachosikika Arua na Koboko ni Kinubi, lugha yenye asili ya Kiarabu iliyotokana na askari wa gavana Emin Pasha wa karne ya 19, na Kiarabu cha Juba cha wakimbizi wa Sudan Kusini, wakiwemo wa kambi jirani ya Rhino Camp. Wengi wao hawakusoma Kiarabu darasani. Lugha rasmi ya nchi yao tangu uhuru wa 2011 ni Kiingereza. Ukimtajia mama wa kambini *shiryan*, bado hujamwambia kitu.

Kiarabu cha Sudan kina neno jepesi zaidi, *irig*, ambalo vitabuni ni *'irq*. Lina tabia zile zile za mshipa wetu. Waarabu huyaita maumivu ya neva yanayoshuka mguuni *'irq al-nasa*, ingawa neva haipitishi damu. Sisi nasi tuna mishipa ya fahamu, na mtu akisema "nina mshipa" huenda anaumwa ngiri. Neno pana namna hiyo halitoshi peke yake, hasa penye sindano. Kwenye kiwiko ateri na vena hupita karibu karibu, na dawa ya vena ikiingia kwenye ateri inaweza kuua nyama za vidole.

Kwa hiyo karatasi ya muuguzi ibaki na *shiryan* na *warid*, na ya Kiswahili iseme ateri na vena. Ya mgonjwa ianze na *irig*, kisha ieleze: ule unaodunda, na ule usiodunda. Hata asiyejua kusoma ataupata wa kwanza akibonyeza kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba.

Nawe mfasiri, kabla hujapeleka kazi kuchapwa, msomee mzungumzaji wa Kiarabu cha Juba asiye mganga, umwombe akuonyeshe kwa kidole mshipa unaousema. Akionyesha pengine, andika upya.